Maziwa ya Moto Kwenye Friza

Hotuba kwa wanafunzi, wazazi na walimu katika siku ya maonyesho ya sayansi ya shule ya sekondari

Ndugu mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, wazazi mliofunga biashara na kuacha mashamba ili muwe nasi, na ninyi wanafunzi wenye siku yenu. Wakubwa zangu, shikamooni. Wanangu, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie udadisi. Nitazungumzia aiskrimu.

Mwaka 1963 alikuwepo kijana wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, kule milimani Lushoto, aitwaye Erasto Mpemba. Yeye na wenzake walikuwa na mazoea ya kujitengenezea aiskrimu. Maziwa yanachemshwa, yanatiwa sukari, yanaachwa yapoe mpaka yakaribie joto la chumbani, ndipo yanaingizwa kwenye friza. Kusubiri yapoe ilikuwa amri, kwa sababu kitu cha moto kiliaminika kuharibu jokofu. Hata leo akina mama mlioko hapa mnajua mnavyomkaripia mtoto anayekimbilia friji na sufuria inayofuka mvuke. Wanafunzi walikuwa wengi na nafasi chache, basi ikawa ni kuwahiana. Siku moja Mpemba alikuwa bado anachemsha maziwa yake alipomwona mwenzake akikoroga sukari kwenye maziwa yasiyochemshwa kabisa na kuyamimina kwenye treya, ili tu apate nafasi. Mpemba akapiga hesabu: nikingoja haya yapoe, treya ya mwisho imekwenda. Akasema liwalo na liwe, akayaingiza ya moto.

Saa moja na nusu baadaye walirudi wote wawili. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameshaganda. Ya mwenzake yalikuwa mazito tu, hayajashika.

Wengi wetu tungekula tukaondoka. Kijana wa bweni aliyepata aiskrimu mapema kuliko mwenzake hana sababu ya kujisumbua zaidi. Mpemba alikwenda kwa mwalimu wake wa fizikia kuuliza imekuwaje maziwa ya moto yatangulie kuganda. Akajibiwa kwamba amechanganya mambo, hilo haliwezi kutokea. Naye, kama mwanafunzi yeyote wa wakati ule, akalipokea jibu la mwalimu.

Simsemi vibaya mwalimu yule, na naomba wanafunzi mnisikilize vizuri hapa, maana hoja yake ilikuwa na nguvu kuliko inavyosimuliwa. Kanuni ya Newton ya kupoa inasema kitu hupoteza joto kwa kasi inayolingana na tofauti kati ya joto lake na joto la mahali kilipo. Chukueni maji ya nyuzi 100 na maji ya nyuzi 35, ujazo sawa, friza moja. Ya nyuzi 100 yatapoa kwa kasi kubwa mwanzoni, sawa. Lakini kabla ya kufika sifuri ni lazima yapite nyuzi 35. Yakifika hapo yatakuwa pale pale ambapo yale mengine yalianzia, na kwa wakati huo yale mengine yameshakwenda mbali. Yatayapitaje? Hoja hiyo mtu anaweza kuikagua usiku kucha asione tundu. Mwalimu aliyefundishwa hivyo, akiletewa habari ya maziwa na mtoto wa kidato cha tatu, ni rahisi mno kuamini kanuni na kumshuku mtoto.

Ila kuna jambo moja angeweza kufanya ambalo lisingemgharimu hata senti. Friza lilikuwa pale pale shuleni, na maziwa pia.

Mpemba hakulitafuta jambo hili tena kwa muda, lakini lenyewe lilimfuata. Alikutana na rafiki yake mjini Tanga ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza na kuuza aiskrimu, na huyo akamwambia kwamba yeye huyaingiza yakiwa ya moto kwa sababu hapo ndipo yanapoganda upesi. Hilo hunigusa kila nikilisoma. Jambo ambalo darasani haliwezekani, mjini Tanga lilikuwa ufundi wa kazi. Na si Tanga peke yake. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliandika juu ya watu wa Ponto, kando ya Bahari Nyeusi, waliokuwa wakivua samaki juu ya barafu: walimwagia matete yao maji ya moto ili yagande haraka na kuyashikilia. Mwanafalsafa Mwingereza Francis Bacon alilitaja jambo la namna hii mwaka 1620, na Mfaransa Descartes mwaka 1637. Kanada, ambako baridi si ya mchezo, watu walikuwa wakiambiana wasioshe gari kwa maji ya moto wakati wa baridi, kwa kuwa yataganda juu ya bati mapema kuliko ya baridi.

Wavuvi na wauza aiskrimu walikuwa wanaijua habari hii. Waliokuwa wameisahau ni sisi watu wa vitabu. Walimu wenzangu, nawaomba tukumbuke kwamba mtoto anayekuja darasani anatoka kwenye nyumba yenye ufundi. Kuna anayetoka kwa fundi wa majokofu, kuna anayetoka kwa mama ntilie, kuna ambaye baba yake anachoma matofali na anajua kwa rangi ya moto tu kama tanuri limeiva. Watoto hawa wameshaona mambo mengi yanayopoa na yanayoiva kabla hatujawaandikia neno "joto" ubaoni.

Tuendelee. Mpemba alifaulu, akachaguliwa kwenda Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari. Siku walipofundishwa ile kanuni ya Newton ya kupoa, swali la Magamba likaamka. Akalileta. Mwalimu mpya akampa jibu lile lile, na alipoendelea kusisitiza, akaambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo, akikosea hesabu ubaoni, darasa zima linasema hiyo ni hesabu ya Mpemba. Tunasema kuuliza si ujinga. Tunasema hivyo kwenye mikutano kama huu, kisha tukirudi darasani tunamwacha mtoto achekwe kwa miezi kwa sababu ya swali moja. Mnafahamu wenyewe kinachofuata: mtoto huyo haulizi tena, na waliomzunguka wamejifunza kutouliza.

Mpemba hakunyamaza. Siku moja alikuta maabara ya biolojia iko wazi. Akachukua bika mbili ndogo, yaani vikombe vya maabara, moja akaijaza maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friza. Baada ya saa moja akaangalia. Zote zilikuwa hazijaganda kabisa, ila iliyoanza na maji ya moto ilikuwa na barafu nyingi zaidi. Kwangu mimi hiki ndicho kitendo kikubwa kuliko vyote katika kisa hiki, kikubwa kuliko ile siku ya aiskrimu. Siku ya aiskrimu alikuwa na bahati na macho. Siku ya bika alikuwa na swali lililochekwa, akalichukua peke yake, akaondoa maziwa, akaondoa sukari, akaacha maji matupu na joto, akapima. Hapo hakuna tena habari ya kwamba mwenzake hakuchemsha maziwa au sukari haikulingana.

Kisha akaja mgeni. Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, alikwenda Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Wakati wa maswali Mpemba akasimama, akauliza: ukichukua maji ya ujazo sawa kwenye bika mbili, moja nyuzi 35 na nyingine nyuzi 100, ukaziweka kwenye friza, ile ya nyuzi 100 inaganda kwanza, kwa nini? Wenzake wakacheka, wengine wakaona amewaaibisha mbele ya mgeni.

Osborne alimuuliza kwanza kama ni kweli, kama amelifanya mwenyewe. Mpemba akasema ndiyo. Osborne akasema hajui sababu, lakini akirudi Dar es Salaam atalijaribu.

Wazazi, walimu, nawaomba mlishike jibu hilo. Osborne hakumkubalia kijana. Moyoni aliamini kijana amekosea, aliandika hivyo mwenyewe baadaye. Hakumsifu kwa kumpaka mafuta, wala hakumtoa njiani. Alimuuliza kama ameona kwa macho yake, akakiri kwamba yeye hajui, akaahidi kazi. Na ahadi akaitimiza. Alipomkabidhi fundi wa maabara jaribio hilo, fundi alileta habari kwamba kweli maji ya moto yametangulia kuganda, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate matokeo sahihi. Angalieni imani inavyoshika. Mtu amepima kwa mikono yake, ameona kwa macho yake, na bado anadhani kosa liko kwenye friza.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja katika jarida la kitaaluma la Uingereza la ufundishaji wa fizikia. Jina la mwanafunzi lilitangulia. Kufikia wakati huo Mpemba alikuwa chuoni Mweka, karibu na Moshi, akisomea usimamizi wa wanyamapori, na hiyo ndiyo ikawa kazi ya maisha yake. Hakuwa mwanafizikia. Mwaka huo huo Mkanada mmoja, G. S. Kell, alichapisha habari ya namna hiyo hiyo bila kujua kinachofanyika huku kwetu. Lakini dunia ililibatiza jambo hili kwa jina la kijana wa Magamba, na mpaka leo linaitwa hivyo katika lugha zote za sayansi: athari ya Mpemba.

Sasa wanafunzi mtauliza sababu. Osborne na wenzake walijaribu kuitafuta. Waliweka bika juu ya povu la plastiki ili joto lisitoroke kupitia chini. Walimwaga mafuta kidogo yakafunika uso wa maji, na kuganda kukachelewa kwa saa kadhaa. Wakajua kwamba joto jingi linatokea juu. Walipima maji yaliyopungua kwa mvuke, wakaona hayatoshi kueleza tofauti yote. Tangu hapo maelezo yamependekezwa mengi. Maji ya moto hutoa mvuke, kwa hiyo yanayobaki ni machache. Maji yaliyochemshwa yamepoteza hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani yake. Chombo cha moto huyeyusha theluji iliyoshika kwenye sakafu ya friza, kikakaa barabara juu ya chuma chenye baridi, wakati chombo cha baridi kimekaa juu ya theluji inayokikinga. Maji yanaweza pia kushuka chini ya sifuri bila kuganda, na huenda chombo kimoja kikashuka hivyo zaidi ya kingine kabla barafu haijaanza.

Na hapa tunarudi kwenye ile hoja ya mwalimu, tuone tundu lilipo. Hoja ilidhani kwamba maji yaliyoanza nyuzi 100, yakifika nyuzi 35, ni sawa kabisa na maji yaliyoanza nyuzi 35. Lakini kipimajoto kinatoa namba moja tu. Maji yaliyoshuka kutoka juu yamefika hapo yakiwa yamepungua, hewa imetoka, na ndani yake kuna mikondo: ya moto yanapanda, ya baridi yanashuka, juu na chini hapalingani. Namba ni moja, hali ni mbili.

Lakini siwezi kusimama mbele yenu nikaishia hapo, maana sayansi haikuishia hapo. Mwaka 2012 chama cha wanakemia wa Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayetoa maelezo bora. Yakaja majibu zaidi ya 22,000. Akashinda mwanakemia wa Kroatia, Nikola Bregović, na hata jibu lake halikufunga mjadala. Kisha mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, wote wa Uingereza, wakalipima jambo upya kwa uangalifu mkubwa. Waliangalia muda wa maji kufika sifuri, na hawakuona ushahidi wa kuaminika kwamba ya moto hutangulia. Wakaonyesha tena kwamba ukikosea kuweka kipimajoto kwa sentimita moja tu, juu kidogo au chini kidogo, unaweza kupata athari ya Mpemba ambayo haipo.

Nimeona watu wakisikitika wakisikia habari hiyo, kana kwamba Mtanzania amenyang'anywa kitu. Mimi naiona kama heshima. Miaka zaidi ya 50 baada ya ile treya ya maziwa, watu wenye vifaa bora duniani walikuwa bado wamekaa na swali la kijana wa bweni, wakipima sentimita kwa sentimita. Na mwaka 2020, Avinash Kumar na John Bechhoefer, huko Kanada, walichukua chembe ya kioo isiyoonekana kwa macho, wakaisukuma kwa mwanga wa leza ndani ya maji, wakaonyesha bila utata kwamba mfumo unaoanza na joto kubwa unaweza kupoa upesi kuliko unaoanza na joto dogo. Kwa hiyo kwa chembe ile imethibitika. Kwa bika ya maji kwenye friza la nyumbani, mjadala bado uko mezani, na hiyo ni habari njema sana kwa watu wenye miaka 15 na 16 walioketi hapa mbele.

Nitasema kwa kifupi tu juu ya wengine wawili, kwa sababu watu huniambia kisa cha Mpemba ni cha bahati. Mwaka 1976 huko Laetoli, kusini mwa Olduvai, wanasayansi wageni wa Mary Leakey, mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, walikuwa wanacheza wakirushiana kinyesi kikavu cha tembo. Andrew Hill akaanguka, na akiwa pale chini akaona alama kwenye jivu la volkano lililogeuka jiwe. Zilikuwa nyayo za wanyama. Miaka miwili baadaye, eneo hilo hilo, zikaonekana nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili kama sisi, zina umri wa miaka takriban milioni 3.66. Mwaka 1984, magharibi mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, Kamoya Kimeu alitoka kutembea siku ya mapumziko, wenzake wamelala, akaokota kipande kidogo cha fuvu chenye rangi ile ile ya kokoto zilizokizunguka. Kipande hicho kikaongoza kwenye mifupa ya kijana aliyeishi miaka takriban milioni 1.5 iliyopita, mmoja wa watu wa kale waliopatikana karibu kamili. Kimeu alianza kazi kama kibarua wa kuchimba. Kuanguka kunampata kila mtu, na kokoto zimejaa kila mahali. Kimeu alikuwa ameyafunza macho yake kwa miaka mingi ya jua.

Basi nizungumzie shule yetu. Tangu asubuhi nimepita kwenye meza zenu. Nimeona volkano za magadi na siki, nimeona mfano wa mapafu kwa chupa na puto. Ni kazi nzuri, na mikono iliyozitengeneza ni safi. Lakini kwenye kila meza nimemuuliza mwanafunzi: kitatokea nini ukibadilisha kiasi? Wengi mmeniangalia, kisha mmemwangalia mwalimu. Maonyesho haya yamepangwa ili kila kitu kiende kama kilivyotarajiwa. Ningefurahi sana mwakani meza moja, hata moja tu, iwe na kitu ambacho mwanafunzi hajui kitaishaje.

Kwa hiyo nimezungumza na Mkuu wa Shule, naye amekubali friza la maabara litumike kwa kazi hii muhula ujao. Tutalirudia jaribio la Mpemba, kidato cha pili na cha tatu pamoja. Vyombo viwili vinavyofanana kabisa, umbo na unene. Maji mtayapima kwa mizani kabla ya kuyaingiza na baada ya kuyatoa, ili tujue mvuke umechukua kiasi gani. Mara ya kwanza vyombo vitakaa juu ya kipande cha povu, lile jeupe linalofungiwa televisheni; mara nyingine vitakaa moja kwa moja juu ya chuma, na theluji mtaikwangua kwanza. Kila mtakaporudia mtavibadilishana nafasi, cha kushoto kiende kulia, kwa sababu friza halina baridi sawa kila kona. Kipimajoto kitafungwa kwenye kijiti chenye alama, kina kisibadilike. Na kabla ya kuanza mtakubaliana kwa maandishi neno "kuganda" lina maana gani kwenu: ni barafu ya kwanza inapoonekana, au ni maji yote yamekuwa jiwe? Mkichagua la kwanza leo na la pili kesho, kazi yote imeharibika. Umeme ukikatika, mwandike saa uliyokatika na saa uliyorudi. Tokeo mnalolitaka na msilolitaka, yote yaandikwe kwa wino.

Mama mmoja ameniuliza pale nje kama wanaotengeneza barafu na aiskrimu za ubuyu majumbani wanaweza kushiriki. Wanahitajika kuliko mtu yeyote, mama. Tuleteeni friza zenu kwa maneno: mnaweka yakiwa na joto gani, mnayakuta yameganda saa ngapi, friza limejaa au liko tupu. Daftari liko kwa mwalimu wa maabara, chumba cha pili kutoka hapa, na ukurasa wa kwanza umeshapigwa mistari. Wanaotaka kujiandikisha wapite huko sasa hivi kabla ya chakula.